Kiko cha Mkalimani

Mzee Wathome alipostaafu, wenzake wa kortini walimpa saa ya ukutani. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na mmoja akiambiwa haraka, haraka, halafu siku ya kumwachilia anapewa kitu cha kumwambia umechelewa. Aliipokea kwa mikono miwili, akapigwa picha nayo, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga kutoka korti ya Makadara mpaka nyumbani, mtaa wa Ziwani. Mkewe Mbithe akaitundika juu ya televisheni.

Kazi yake ilikuwa ukalimani. Mkamba akiletwa mbele ya hakimu na Kiswahili kimemkataa, Wathome ndiye aliyesimama katikati. Mwizi wa kuku, mke aliyepigwa, dereva aliyegonga punda wa watu, wote walisemea kinywani mwake. Kwa siku moja alisema "mimi" mara mia, na hata mara moja haikuwa yeye. "Mimi sikumgusa, mheshimiwa." "Mimi nilimkuta ameshaanguka." Mshtakiwa akilia, alisema, "Analia, mheshimiwa," kana kwamba hakimu hana macho. Sheria ya kazi ilikuwa moja, na aliishika kuliko wengine walivyoshika zile kumi za Musa: mkalimani haongezi wala hapunguzi.

Miezi mitatu baada ya saa kutundikwa, kichwa kilianza kumgonga. Kliniki walimfunga ule mpira mkononi, wakaupuliza, wakasoma namba, wakasoma tena.

"Mzee, presha iko juu," daktari alisema. Alikuwa msichana mwenye viatu vya kukimbilia. "Zaidi ya dawa, tafuta kitu cha kukutuliza. Kitu chako mwenyewe. Hata nusu saa kwa siku."

Kitu gani, hakusema. Na Wathome hakuuliza, kwa sababu mtu akiuliza sana hukatazwa.

Alijaribu drafti na wazee wa pale kwenye bomba la maji, lakini wazee wale hutukanana mpaka presha ya mtazamaji inapanda. Akapanda sukuma wiki kwenye gunia. Kuku wa watu wakaimaliza kabla haijafika kimo cha kidole. Mbithe akampeleka kwaya ya kanisa, sauti ya nne, na kabla hajajua hata wimbo mmoja walikuwa wamemweka kwenye kamati.

Ndipo alipomkumbuka hakimu mmoja wa zamani, marehemu sasa, mtu mnene mpole aliyekuwa na kiko. Saa ya chai ikifika, hakimu yule aliingia ofisini mwake, akakitoa kiko, akakigonga, akakijaza tumbaku kidogo kidogo kwa kidole gumba, akakitazama. Mawakili walisimama mlangoni na mafaili. Karani alikohoa. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Mtu mwenye sigara unaweza kumwendea mkaongea, sigara ni kitu cha kusimama nacho. Lakini mtu anayejaza kiko ni kama mtu anayesali, unangoja amalize. Wathome hakuwahi kuitamani ile tumbaku. Alichotamani ni kungojewa.

Alimwendea Maingi, mchongaji wa Kariobangi, mwenye mikono ya Wamunyu, kwa wachongaji wa Ukambani, na ulimi wa mtaani. Alimkuta amekalia tumbo la twiga ambaye bado hajapata kichwa.

"Niaje, mzee wangu! Kiko? Cha kuweka kwa meza ama cha kuvuta kwa ukweli?"

"Cha kuvuta."

"Kwa ukweli ukweli?"

"Maingi, mimi si mtalii."

Wiki iliyofuata akapewa kiko cheusi kinachong'aa. Alipokiwasha kilinuka kama bweni la wavulana Jumapili jioni, kumbe kilikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu ufanane na mpingo. Alikirudisha, midomo ikiwa bado myeusi.

Maingi alishangaa. "Na miaka yote hii hakuna mtalii amewahi kurudi kulalamika!"

"Mtalii hukiweka kabatini. Mimi nimekitia mdomoni."

Fundi aliona haya. Akafukua chini ya magunia, akatoa kipande cha mpingo wa kweli alichokuwa ameficha kwa ajili ya siku njema, akakichonga siku kumi na mbili. Kilipotoka kilikuwa kizito kama neno la mtu mzima. Na mbele ya kichwa chake, pale moto unapokaa, palikuwa na sura ya mzee, masikio marefu yenye matundu, mashavu yaliyoingia ndani, na jicho moja dogo kuliko la pili.

"Nani huyu?" Wathome aliuliza.

"Hiyo nimekuongezea bure. Ni sura yangu ya siku zote, mkono umeshaijua." Maingi akaelekeza kidole juu. Fimbo zaidi ya ishirini zilining'inia darini, na juu ya kila fimbo mzee yuleyule alichungulia kwa jicho lake dogo. "Wazungu huiita chifu. Mimi huiita Jumatatu, kwa sababu ndiyo nachonga nikiwa na usingizi."

Wathome akacheka, akaenda zake. Pale sokoni kwa mama mmoja wa ugoro akapata tumbaku ya majani, iliyosokotwa kama kamba ya mbuzi.

Siku tatu za kwanza alikohoa mpaka majirani wakaulizana kama ni kifua kikuu. Ya nne, saa kumi na moja jioni, aliketi kwenye kiti chake cha mikono uani, akajaza polepole, akawasha, na moshi ukakubali. Ulipanda bila haraka, ukafika kwenye kamba ya nguo, ukalizunguka shati lake la kanisani, ukaenda. Mtu mmoja wa chama cha mazishi aliingia na kitabu cha majina, akamwona, akasimama. Akangoja. Alingoja nusu saa nzima, mikono nyuma, kama wakili. Wathome alihisi kitu kimelegea nyuma ya shingo, kitu ambacho hakujua kuwa kimekazwa tangu mwaka alioajiriwa.

Jirani wa ukuta mmoja naye, Halimo, mwenye duka la vitambaa huko Eastleigh, saa hizohizo ndipo anapofukiza uunsi wake, ubani wa Kisomali, nyumbani. Alichungulia juu ya ukuta.

"Mzee Wathome, moshi wako unaingia kwangu, na uunsi wangu unaingia kwako. Wallahi, tumekuwa wakwe."

"Basi mahari ni yako au yangu?"

"Moshi hauna mahari. Vuta tu."

Ni yeye peke yake katika Ziwani nzima aliyemwambia hivyo. Mwezi ulipokwisha, kliniki wakasema namba zimeshuka. "Umepata kitu cha kukutuliza?" daktari aliuliza. "Nimepata," alijibu. Kitu chenyewe hakukitaja. Alipiga hesabu kuwa hajaapishwa.

Lakini nyumbani kulikuwa na Mbithe, na Mbithe ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, kanisa ambalo tumbaku na mizimu huwekwa kwenye kapu moja. Alivumilia wiki tatu. Ya nne akavuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe.

"Baba Ndolo, una shida gani?"

"Sina shida."

"Mtu mzima hawezi kuanza kuvuta moshi bila shida. Ni kwa sababu ya kustaafu?"

"Hapana."

"Kuna mwanamke?"

"Mama Ndolo, mwanamke gani atanitaka na hii harufu?"

"Basi una ugonjwa unanificha."

"Ninakivuta kwa sababu nakipenda. Nakaa. Napumzika. Basi."

Mbithe alimtazama kama hakimu anavyomtazama mtu aliyekutwa na ng'ombe wa wizi akasema alikuwa anamtembeza tu. Wathome aliijua sura hiyo. Alikuwa ameiona miaka thelathini na mmoja, lakini kwa ubavuni. Hakuwahi kuelekezewa yeye.

Mbithe alimleta mzee wa kanisa, Ndeti, aliyekuja na fimbo yake na Biblia yake, akauliza maswali yaleyale kwa sauti nene zaidi, akapata jibu lilelile. "Hicho si kitu cha kupenda bure," Ndeti alisema. "Kuna kinachokusukuma." Wathome akasema hakuna. Ndeti akaandika kitu kwenye kijitabu. Hapo ndipo Mbithe alipopiga simu Mwingi, kwa Kathini, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke wa miaka sabini ambaye hata chifu wa kata humwamkia kwanza. "Njoo umkanye ndugu yako," alimwambia. "Mimi ameshanishinda."

Ndivyo mtu anavyoita mvua izime jiko.

Kathini aliwasili Alhamisi, saa kumi na moja na dakika kumi, kiondo begani, matusi tayari mdomoni. Akapita mlango wa ua. Wathome alikuwa kwenye kiti, kiko kinywani, ile sura ya kuchongwa ikimtazama anayeingia. Kathini akafungua mdomo amkaripie. Badala yake kiondo kikamdondoka, mahindi mabichi yakatawanyika, na yeye mwenyewe akaketi chini kwenye simiti kama mtu aliyekatwa miguu.

"Babu," alisema kwa Kikamba. "Ngai wangu. Ni babu."

Wathome akatoa kiko mdomoni. Akakigeuza, akakitazama. Mzee wa Jumatatu akamtazama kwa jicho lake dogo.

Jumamosi mchana kikao kikaketi sebuleni. Kwenye kochi refu Mbithe na Ndeti. Kwenye kiti cha mikono, kilichoingizwa ndani kwa heshima yake, Kathini. Halimo aliketi mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana ukuta mmoja una haki zake. Kwa Wathome kilibaki kigoda, na kigoda kiliwekwa katikati. Kiko kililazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Wathome akaona kila kitu kiko mahali pake: hakimu, wazee wa baraza, kielelezo. Kilichokosekana ni mkalimani tu.

Kathini alianza, kwa Kikamba. Babu yao Wathome, ambaye ndugu yake huyu amepewa jina lake, alikuwa mvutaji wa kiko. Masikio yake yalikuwa na matundu. Jicho moja lilikuwa dogo, lilichomwa na mwiba. "Sura ni hiyo hapo. Hajavuta maisha yake yote, halafu ghafla anaanza, na kiko chenyewe kina uso wa babu? Hiki si kiburudisho. Babu anaomba tumbaku, na anaiomba kwa mdomo wa mwenye jina lake."

"Ni shetani," Ndeti alisema. "Kichomwe leo."

"Uchome uso wa babu yangu?"

"Si babu. Ni pepo aliyevaa babu."

"Na babu yako wewe aliyevaa ngozi alikuwa nani, malaika?"

"Dada," Wathome alisema, "wewe unajua babu alivyokuwa. Mimi simjui."

"Utamjuaje? Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa ukikojoa kitandani."

Mbithe akaziba mdomo kwa leso yake.

Wathome alivuta pumzi, akasema kama alivyokuwa akisikia watu wakisema, polepole, kwa maneno machache. Kwamba daktari alimwambia atafute kitu cha kumtuliza. Kwamba alikitafuta mwenyewe, kwa akili zake. Kwamba hakuna aliyemtuma, aliye hai wala aliyekufa. Kwamba ile sura fundi huiweka kwenye kila kitu.

Aliwatazama. Ndeti alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma. Kathini pia. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu walipoketi.

Akawakumbuka watu wengi aliowasemea. Aliyesema, "Nilikuwa nikipita tu." Aliyesema, "Sijui kilifikaje mfukoni." Wengine walikuwa waongo. Lakini wengine, na yeye kwa kusimama karibu alisikia mpaka pumzi zao, walikuwa wakisema ukweli, na ukweli wao ulikuwa mfupi na mwepesi mno, hakuna aliyetaka kuununua. Mwenye hadithi ndefu alipewa dhamana.

"Nina shahidi," alisema.

Maingi alikuwa ameshaitwa, anangoja nje, ameoga, ana vumbi la mbao masikioni tu. Aliingia, akasalimia, akaketi ukingoni mwa kiti cha plastiki. Wathome akasimama.

"Maingi. Waambie. Hii sura umeitoa wapi?"

Maingi alifungua mdomo. Kabla hajasema, Kathini aliinama mbele, mikono imeshikana, macho yamejaa maji.

"Mwanangu," alimwambia, "kabla hujajibu, nikuulize. Ulipokuwa unachonga, mkono ulikuwa unauongoza wewe, au ulikuwa unakwenda wenyewe?"

Maingi akamtazama bibi yule. Akakitazama kiko. Akawatazama watu wote wanaomtazama yeye, yeye ambaye kazi ya mikono yake haijawahi kutazamwa na mtu zaidi ya dakika moja kabla ya kuulizwa bei ya mwisho.

"Kusema ukweli," alisema taratibu, "mkono ulikuwa unaenda wenyewe."

"Maingi!"

"Mzee, si hata nilikuambia? Nilisema mkono umeijua."

"Ulisema ni Jumatatu! Ulisema una usingizi!"

"Usingizi!" Kathini akapiga magoti yake. "Na babu huwajia watu wakiwa wapi kama si usingizini?"

Hata Mbithe alishusha pumzi. Ndeti akasema "Nilijua kuna kitu," ingawa sicho alichokuwa akikijua. Maingi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyegundua leo kwamba ana kipaji. Wathome akaketi. Kortini shahidi wa namna hii wanasema amegeuka. Huyu hakuwa amegeuka. Alikuwa ameona kiti kizuri akakikalia.

Ndipo macho yake yalipotua kwenye magoti ya Ndeti. Mzee wa kanisa alikuwa ameiegemea fimbo yake, viganja viwili vimefunika kichwa cha fimbo. Akanyanyua kiganja kimoja kufuta jasho. Chini ya kiganja lilichungulia sikio refu lenye tundu. Kisha shavu lililoingia ndani. Kisha jicho, dogo.

Jumatatu.

Moyo wa Wathome uliruka kama wa kijana. Ushahidi huu hapa, umeingia wenyewe, umekaa kwenye kochi na Biblia! Alichotakiwa kusema ni maneno manne: tazameni fimbo ya mzee. Na kitu chote kingeanguka, kicheko kingelipuka, na saa kumi na moja angekuwa uani kwenye kiti chake. Akainuka nusu. Akafungua mdomo.

"Nilimnyima," Kathini alisema.

Hakuwa akimwambia yeyote. Alikuwa akikiambia kiko.

"Baba alikuwa ameokoka mwezi huo. Akasema tumbaku isiingie tena nyumbani. Babu alikuwa amelala, hawezi kuinuka, akaniita. Akasema, Kathini, niletee kidogo tu, ninuse. Ilikuwa kwenye kibuyu nyuma ya mlango, nilikuwa naiona. Baba alikuwa amenifunza la kusema. Nikamwambia, babu, imekwisha. Akasema, basi mwanangu, kesho. Aliniomba hivyo siku tatu. Ya nne hakuomba." Alijifuta kwa pembe ya leso. "Nimekaa miaka hamsini na kitu nikingoja aniulize tena. Sasa ameuliza. Na nyinyi mnasema tumchome."

 Saa ya ukutani ndiyo iliyosikika, ikifanya kazi yake. Halimo alikuwa analia waziwazi, ingawa Kathini alisema yote hayo kwa Kikamba na hakuna neno alilolielewa.

Wathome alibaki ameinama, hajasimama wala hajaketi. Aliitazama fimbo. Akamtazama dada yake, aliyembeba mgongoni, aliyempa nyama yake siku ya tohara, na hakujua kamwe kwamba dada huyo alikuwa na jambo hili kifuani wakati wote huo. Kumwambia sasa kuwa babu aliyemngojea miaka hamsini na kitu huuzwa Kariobangi, juu ya fimbo ishirini na zaidi zinazoning'inia darini? Akayaacha yale maneno manne. 

"Mzee amesemaje?" Ndeti aliuliza. "Alitaka kusema kitu."

Wathome aliketi kwenye kigoda.

"Nakubali," alisema.

"Unakubali nini?"

"Chochote kilichoandikwa." Ndivyo wanavyosema washtakiwa wanaotaka kurudi nyumbani. Tatizo lake ni kwamba alikuwa nyumbani tayari.

Hukumu ilipatikana haraka. Kukichoma haiwezekani: Ndeti alitoa kiberiti, akauliza nani atakiwasha, na Mbithe mwenyewe, aliyekuwa akikichukia mwezi mzima, akatazama pembeni, maana kwa desturi ya majina, aliyempa mumewe jina ni mume wake pia, na ndiye huyo mezani. Kukivuta kwa starehe nako haiwezekani. Utawashaje moto kichwani mwa babu yako ujiburudishe? Kwa hiyo Kathini atakaa Ziwani mpaka babu aridhike, na kila jioni atamjazia kidogo, apate harufu tu. Ndeti alisema yeye hajasikia kitu, akafunga kijitabu chake.

Siku ya kwanza kiko kilizima mara tatu.

"Kisipovutwa hufa," Wathome alimweleza dada yake.

"Basi nitakivuta kidogo. Kwa ajili yake."

Siku ya pili alikivuta kwa ajili yake robo saa. Kufikia wiki ya pili alikuwa anatoa moshi puani. Aliketi kwenye kiti cha mikono, saa kumi na moja kamili, miguu juu ya kigoda, akikijaza kwa kidole gumba bila haraka yoyote, na ua mzima ulingoja. Maana majirani walikuwa wamesikia. Walikuja na vigoda vyao. Halimo alihamisha chetezo chake cha uunsi upande huu wa ukuta. Maingi naye alipata oda za viko vya babu, kila mtu na babu yake, na inasemekana hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa hafanani.

Na kwa sababu Kathini akisha kuvuta huanza kutoa ujumbe, na ujumbe wenyewe ni Kikamba cha Mwingi cha ndani kabisa, palihitajika mtu wa kusimama kando ya kiti.

"Babu anasema," Wathome alisema jioni moja, mikono nyuma, "mama mwenye duka asimkopeshe yule mtu wa Jumanne."

"Subhanallah!" Halimo alisema. "Amejuaje?"

Kathini akaendelea, kuhusu mvua, kuhusu bomba la maji, kuhusu wajukuu wasiopiga simu. Moshi ulimpita Wathome puani, ukalizunguka shati lake la kanisani kwenye kamba. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuongeza neno. 

"Na babu anasema pia," alisema kwa sauti ya kazi, isiyo na mwenyewe, "kwamba mwenye jina lake apewe kiko naye avute. Dakika tano tu."

Kathini akatoa kiko kinywani.

"Hakusema hivyo," alisema kwa Kiswahili kisafi ambacho hakuna aliyejua kuwa anacho. "Mkalimani haongezi."

Ua mzima ukamgeukia Wathome. "Haongezi," alikubali.

Jioni hiyohiyo Ndeti alipita. Siku hizi alikuwa akipita mara kwa mara, kukagua kwamba hakuna linaloendelea. Alipewa kigoda karibu na bibi, akaketi, akaisimamisha fimbo katikati ya magoti, akaiondoa mikono kwenye kichwa cha fimbo amwamkie.

Kathini akainama amjibu. Akabaki ameinama. Aliitazama fimbo. Akakiinua kiko alichoshika, akakiweka sambamba na fimbo: sikio kwa sikio, shavu kwa shavu, jicho dogo kwa jicho dogo. Wathome aliyaona mabega ya dada yake yakisimama.  Sasa, alijiambia. Sasa.

Kathini akarudi nyuma kitini. Akakitia kiko mdomoni, akavuta mvuto mrefu, akautoa moshi wote juu polepole.

"Kumbe mzee huyu alikuwa na ndugu wengi," alisema kwa Kikamba.

"Ni kweli, ukoo wenu ni mkubwa," Ndeti alijibu kwa adabu.

Halimo alivuta kigoda chake mbele. "Amesema nini? Mzee Wathome, babu amesema nini?"

Wathome akafungua mdomo. Kathini hakumgeukia. Alikuwa akikandamiza tumbaku kwa kidole gumba, taratibu, kama hakimu.

"Hilo," alimwambia kwa Kikamba, "utalipunguza."

Walikuwa wakingoja wote, vigoda kwa vigoda, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Kichwa kilikuwa kinamgonga upande wa kushoto. Ndani ya nyumba saa ya ukutani ililia mara moja, nusu saa imekwisha.

"Amesema," Wathome alisema, "babu anawasalimu."